Sahani ya mchana, daktari wa meno na mtu wa kukugongea mlango

Tangu nihamie Helsinki, Ufini, wadogo zangu walioko vyuoni huniuliza kuhusu baridi na ada. Baridi ipo, na ada ipo: tangu 2017 mwanafunzi anayetoka nje ya Ulaya akaja kusoma shahada kwa Kiingereza hulipa, tena si kidogo. Lakini natamani waniulize wiki ya mwanafunzi wa huku inavyokwenda. Anakula wapi, akiumwa anakwenda kwa nani, na nani atajua kama hajatoka chumbani tangu Jumatatu. Katika hayo vyuo vyetu vya Tanzania vinaweza kujifunza mengi, na kwa jambo moja tumewazidi.

Nianze na sahani. Kwenye mikahawa ya wanafunzi mlo wa mchana kwa kawaida ni kama euro tatu. Kwa bei hiyo unapata chakula chenyewe, saladi, mkate na kinywaji. Mjini, kikombe cha kahawa ya maziwa huzidi hapo. Sehemu nyingine ya gharama hulipwa na Kela, taasisi ya serikali ya hifadhi ya jamii, na haitoi fedha yake hivihivi: mlo lazima ukidhi viwango vya lishe vilivyowekwa. Unaonyesha kitambulisho, unapanga foleni pamoja na maprofesa, unakula. Alhamisi mara nyingi ni supu ya njegere, na baada yake kitu kama chapati za maji zenye jemu, desturi yao ya miaka mingi. Mtoto wa tajiri na asiye na kitu wanashika trei moja.

Kwetu mwanafunzi mwenye mkopo hupewa bumu, na tangu 2022 hesabu yake ni shilingi 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi. Fedha hiyo inaingia mkononi, na mkononi haikai. Mdogo wake amerudishwa nyumbani kwa kukosa michango ya shule, mama anaumwa, shamba linataka mbegu. Yeye ndiye mwenye kipato pekee kwenye ukoo, na ni kipato cha mkopo. Kodi ya chumba cha mtaani nayo inangoja. Ndipo mwisho wa muhula unakuta watu wanapiga pasi ndefu, chai ya saa nne mpaka usiku, halafu mtihani asubuhi. Tukiona matokeo mabaya tunasema hawasomi. Mimi nasema wana njaa, na njaa hiyo inaweza kuondolewa kwa fedha zilezile ikiwa sehemu yake itapelekwa moja kwa moja jikoni. Najua wengi watakataa, watasema bumu ni haki yao wapewe mkononi. Lakini waulizeni wazee waliosoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kabla ya uchangiaji gharama wa miaka ya 1990 jinsi walivyokula bwaloni. Nchi ilikuwa maskini kuliko leo, na ililisha wanafunzi wake.

Kuhusu matibabu sitasema mengi. Huku mwanafunzi wa shahada ya kwanza au ya uzamili hulipa ada ya afya kila muhula, jumla yake kwa mwaka ni kama euro 70 na kidogo, kisha anahudumiwa na YTHS, mfuko wa afya wa wanafunzi ulioanzishwa 1954. Muuguzi, daktari wa meno na mwanasaikolojia wako chini ya paa moja, na ukifika hulipi tena. Ukikosa miadi bila taarifa ndipo unatozwa. Kwetu kadi ya bima ya mwanafunzi ni shilingi 50,400 kwa mwaka, na kwa malaria na mafua inasaidia kweli. Pengo liko kwa yule ambaye hana homa. Msichana ameacha kula, amelala siku nzima, wenzake wanasema ana mawazo. Anaombewa, anashauriwa arudi nyumbani kidogo. Wenzake wamefanya kila wanachoweza. Kilichokosekana ni mtaalamu anayeonekana, mwenye ofisi inayojulikana na kila mwaka wa kwanza kama anavyojua ilipo maktaba.

Sasa niseme lile tulilowazidi, na nalisema kwa uchungu kwa sababu naliishi. Hapa nimeishi kwenye jengo ambalo majirani niliwajua kwa majina ya ukoo yaliyobandikwa kwenye milango yao. Kila mwanafunzi wa humo ana chumba chake, jiko lake, ufunguo wake. Kuanzia katikati ya Desemba mwanga wa mchana haudumu hata masaa sita, na mtu anaweza kujifungia wiki nzima bila yeyote kuuliza. Huduma zote nilizozitaja zinamngoja, lakini ni yeye anayepaswa kuinuka akazitafute, na aliyezama kwenye huzuni hana nguvu ya kuinuka. Hosteli zetu zimejaa, watu wanabebana kitanda kimoja, na hilo silisifu hata kidogo. Ila mwenzako asipoonekana kwenye vimbweta, zile meza za nje za kusomea, mpaka jioni, mtu atakwenda kumgongea. Vyama vya dini kama TAFES na USCF vya Wakristo na MSAUD cha Waislamu, watu wa mkoa wenu, wote wana daftari la michango ya mgonjwa.

Wafini wenyewe wanalijua pengo lao, ndiyo maana wana tyuta. Mwanafunzi mpya, wanayemwita fuksi, anawekwa kwenye kikundi kidogo chini ya mwanafunzi aliyetangulia, aliyepewa mafunzo kwa kazi hiyo. Tyuta anakuonyesha madarasa, anakusaidia kujisajili, anakupeleka kwenye hafla ya kwanza. Hafla zenyewe nyingi zina pombe, na sisi tusiokunywa tungependa nyingine zaidi. Hapo naikumbuka wiki ya Kigoda cha Mwalimu, mihadhara ya kumuenzi Nyerere pale ukumbi wa Nkrumah, Mlimani, mwanafunzi wa mwaka wa pili akimbishia msomi mkubwa hadharani, ukumbi ukishangilia, bure, bila chupa hata moja. Sijaona tukio la chuo huku linalonigusa kama lile.

Lakini mpango wa tyuta kwetu hauhitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Unahitaji karatasi yenye majina, mafunzo ya siku mbili, na mlezi wa wanafunzi atakayepokea simu tyuta akipiga kusema fulani haonekani darasani. Vyama vya dini na vya mikoa vinafanya nusu ya kazi hii tayari, ila vinamfikia aliyejiunga tu. Asiye na chama anapotea. Kwetu muhula wa kwanza unafunguliwa kati ya Oktoba na Novemba, na orodha za waliochaguliwa hutoka kabla ya hapo. Muda wa kuwapanga watano watano, kila kundi na kaka au dada yake wa mwaka wa pili, unatosha.