Michezo ya spoti ya kwenye kivinjari: vitufe vichache, kazi kubwa

QWOP, mchezo uliotengenezwa na Bennett Foddy mwaka 2008, unakupa mkimbiaji mmoja, mita 100 na vitufe vinne. Q na W vinaendesha mapaja. O na P vinaendesha miguu kuanzia magotini kwenda chini. Wengi huanguka mita chache tu baada ya kuanza kwa sababu wanabonyeza mbiombio. Dawa ni kushika Q na P kwa pamoja, kuachia, kisha W na O, na kungoja kiwiliwili kiegemee mbele kidogo ndipo ubadilishe. Ukipitiliza, anapasuka msamba. Ukiwahi, anakwenda chali. Wapo wanaofika mwisho kwa kujikokota na goti moja, na mchezo unawakubalia.

Utamu wenyewe ndio huo. Kanuni unazimaliza ndani ya nusu dakika, ila vidole vinahitaji jioni nzima.

Wanaoiponda michezo hii hawakosi hoja. Mingi ni penalti za mshale unaocheza kushoto na kulia: unausimamisha, mpira unaingia. Ukishaukariri mwendo wa mshale, mchezo umekwisha. Tena haina maisha marefu: kampuni ya Adobe ilipoacha kuihudumia Flash, programu iliyoendesha michezo hiyo kwenye kivinjari, mwishoni mwa 2020, michezo mingi ilizimika. Ruffle, programu inayoiga Flash, imefufua sehemu yake, si yote.

Kinachoniudhi zaidi ni matangazo. Jaribio la sekunde kumi haliwezi kubeba tangazo la sekunde thelathini kila unapoanguka. Mkono unapoteza mdundo na bando linaliwa bure. Hapo mwenye tovuti ameua kitu chenyewe anachokiuza.

Inawezekana kufanya vizuri. Kriketi ambayo Google iliiweka kwenye ukurasa wake mwaka 2017, wakati wa Kombe la Mabingwa la ICC, baraza la kimataifa la kriketi, ilikuwa na tendo moja tu, kupiga. Ukiukosa mpira, nao ukagonga vijiti vilivyo nyuma yako, umetoka. Faili lake lilifanywa dogo makusudi ili lifunguke upesi hata kwenye mtandao dhaifu wa simu.

Kwa hiyo mimi huupima mchezo kwa mambo mawili: je, ukishindwa unajua kosa lako, na je, unaanza upya papo hapo? QWOP inapita yote mawili, mradi uwe na kibodi halisi. Kwenye kioo cha simu kidole hakihisi kitufe kinaishia wapi, na mkimbiaji anaanguka kwa kosa lisilo lako.