Mlezi akifa, na pesa za yatima zinasimama

Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwapa fedha wasiojiweza, humlipa mlezi wa watoto yatima shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni kwa kaya, si kwa mtoto: wawe wawili au saba, ni zile zile. Haya, tumekubali. Kero ni siku nyanya aliyeandikishwa anapofariki. Mlezi mpya atakiwa kitambulisho, barua ya chifu, cheti cha kifo, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Herufi moja tu ikipishana, huku Mwanaisha kule Mwanaesha, faili inarudishwa. Na mtu wa Faza, kule kisiwa cha Pate, hungoja maji yajae mlango wa bahari wa Mkanda ndipo boti ipite kuja Amu (Lamu), afike aambiwe ofisa yuko semina! Nyinyi wa ofisini, si mngempigia chifu tangu jana?