Kaimu wa Kila Kitu

Jamani, nisaidieni kuhesabu, maana mimi kuhesabu nimechoka na ndiyo kazi niliyosomea.

Barua yangu ya ajira inasema mimi ni mhasibu. Basi. Nimeigeuza hadi nyuma kutafuta maneno mengine, nikakuta doa la chai tu. Lakini njoo ofisini kwetu Buguruni umuulizie mtunza stoo, utaletwa mezani kwangu. Ukimtaka mtu wa rasilimali watu utaletwa hapohapo mezani kwangu, ila utageuziwa kiti upande wa pili ili ujue hii ni idara nyingine. Dereva wa kupeleka mzigo Mbagala? Yupo, msubiri kidogo, anamalizia kufunga hesabu.

Ilianza taratibu. Mtunza stoo alipata kazi Mwanza, bosi akaniita, akafunga mlango polepole kama mtu mwenye habari ya msiba. "Kijana wangu, nishikie stoo kwa muda, natafuta mtu." Nikasema sawa mzee. Hiyo "kwa muda" ni ya mwaka juzi. Watoto waliozaliwa siku ile leo wanajua kutukana.

Kisha dada wa rasilimali watu akaenda likizo ya uzazi. Siku 84 kwa mujibu wa sheria. "Nishikie, siku 84 si nyingi." Siku ya 85 dada akatuma picha ya mtoto na barua ya kuacha kazi, vyote kwa pamoja. Mtoto mzuri, mashavu haya hapa, huwezi hata kukasirika. Udereva ndio sina wa kumlaumu. Bosi aliuliza tu, kama mtu anayeuliza saa, "Leseni unayo?" Na mimi kwa kiherehere changu nikaichomoa mfukoni nikamwonyesha.

Serikalini mtu akikaimu anapewa barua, na posho yake ipo. Kwetu barua ya kukaimu ni kupigwapigwa begani.

Mwezi wa watu wengine una siku 30. Wangu una siku tatu: tarehe 7, ritani za kodi ya mishahara na SDL (tozo ya kuendeleza ufundi stadi), tarehe 20, VAT (kodi ya ongezeko la thamani), na mwisho wa mwezi, michango ya NSSF na mishahara yenyewe, ambayo ikichelewa nusu saa hata mfagiaji hajibu salamu. Siku nyingine zote zipo kwa ajili ya kuziogopa hizo tatu.

Ningeweza kuzimudu, kama si bosi na risiti zake. Bosi wangu ni mtu mwema, simsengenyi, lakini risiti anazihifadhi juu ya dashibodi ya gari. Nanyi mnaijua karatasi ya risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, ikikutana na jua la Dar. Ananiletea mfuko wa khaki umejaa vikaratasi vyeupe pee, tarehe 18, anasema, "Hizi hapa, tudai asilimia zetu 18 za VAT." Naziinua kwenye taa kama mkaguzi wa noti bandia. Moja nilisoma "ASANTE". Hiyo tu. Nani anatushukuru, kwa shilingi ngapi, Mungu anajua.

Nyumbani nako usiniulize. Binamu wa mke wangu anaoa, kamati ikakaa, ikafika kwenye nafasi ya mhazini, ukumbi mzima ukageuka kunitazama. "Si wewe mhasibu?" Ndiyo, na shemeji yangu ni fundi makaburi, mbona hamkumpa chochote? Sasa saa 3 usiku naoga huku simu iko kwenye ndoo iliyofunikwa, nasikiliza mtu aliyeahidi laki mbili akinieleza kwa sauti ya mgonjwa kwamba mwezi huu mambo yamembana. Pole, ndugu. Mwezi huu umembana nani mwingine?

Nikaanza kusahau vitu. Siku moja nilipanda daladala, konda akaniomba nauli, nikamwambia alete kwanza ankara. Kwa dhati kabisa. Abiria walicheka hadi Tazara. Nadhani hiyo habari ilimfikia bosi, maana wiki iliyofuata akatangaza kwenye grupu la WhatsApp kwamba kampuni inajali afya ya akili ya wafanyakazi, na ameleta mtaalamu wa msongo wa mawazo atupige semina.

Tarehe 19.

Nani aandae semina? Kaimu rasilimali watu. Nani atoe maji na viti stoo? Kaimu mtunza stoo. Nani akamchukue mtaalamu Ubungo? Mnamjua. Njiani mtaalamu akaniuliza, kwa upole, "Dereva, na nyinyi madereva mtahudhuria?"

Basi akatufundisha. Fumbeni macho, vuteni pumzi, muone mahali penye utulivu. Nikafumba. Nikaona stoo, na katoni 14 ambazo kwenye leja zipo na kwenye rafu hazipo. Akasema dawa kubwa ya kuzidiwa na kazi ni kujifunza kutamka neno "hapana". Wote tukapiga makofi, bosi ndiye aliyepiga ya mwisho. Halafu akaniinamia sikioni, "Kijana wangu, hayo maneno yachape vizuri, uyabandike kila mlango kabla ya kesho."

Nikasema sawa mzee.

Kilichonifurahisha siku ile ni kimoja tu. Malipo ya mtaalamu yalikuwa laki nne. Nikamkabidhi 380,000. Akahesabu, akarudia, akanyoosha shingo. "Mbona pungufu?" Kodi ya zuio, mkuu, tunaikata kwenye malipo yako na kuipeleka serikalini, asilimia 5, utapewa na cheti chake. "Hatukukubaliana hivyo! Haiwezekani!" Mishipa ikamsimama, jasho likamtoka. Nikamwambia, mkuu, fumba macho, vuta pumzi.

VAT nilimaliza kuituma saa 6 kasoro usiku wa tarehe 20, mlinzi kanishikia tochi ya simu kwa sababu umeme ulikatika. Na kile cheti cha zuio nacho kikaingia kwenye kazi za tarehe 7 inayofuata. Yaani semina ya kupunguza kazi imeniongezea kazi, na nina karatasi za kuthibitisha.

Hapo ndipo nikaamka kiume. Nikaifungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, na zilipwe mara moja na nusu. Mimi naingia saa 2 asubuhi natoka saa 2 usiku, siku sita, chakula nakila juu ya kalkuleta. Jumla 72. Toa 45, zidisha kwa nne: saa 108 za ziada. Nikarudia hesabu nikitumaini nimekosea. Kumbe kuhesabu bado najua.

Nikaandika malalamiko, makali, yenye vifungu, kwa Afisa Rasilimali Watu. Nikazunguka meza, nikakaa upande wa pili, nikaipokea barua, nikaigonga muhuri. Nikaisoma. Aisee, yule jamaa anateseka, nilimhurumia kweli. Lakini mimi ni kaimu tu, sina mamlaka. Nikamjibu kwamba suala lake limepokelewa na linafanyiwa kazi. Nakala kwenye faili.

Akili ikaniambia omba likizo, mjinga wewe. Siku 28 ni haki yako na hujachukua hata moja. Nikajaza fomu mbio mbio: jina, cheo, tarehe, unakokwenda (nimeandika "mbali"). Nikafika kwenye mstari wa chini: *Jina la atakayekaimu nafasi yako.* Nafasi zilizoandikwa ni nne na fomu hairuhusu ujikaimu mwenyewe, nilijaribu. Nikapita meza kwa meza. Dada wa mauzo ghafla akaanza kuzungumza na simu ambayo haikuita. Vijana wa kupakia mzigo waliiona fomu kwa mbali wakapotelea chooni, wote watatu, choo chenyewe ni kimoja.

Nikabaki na mzee wa getini. Tumeshirikiana naye tochi, nikajua huyu hatanitupa. Nikampa shikamoo, nikamwekea fomu mezani, nikampa na kalamu. Akavaa miwani, akasoma polepole, kidole kikifuata mstari, hadi chini kabisa. Akanipigapiga begani.

"Mwanangu, mimi sina neno, nitakushikia. Ila nikikaa huko ndani," akasema, akaweka rungu na daftari la wageni upande wangu wa meza, "hapa getini ananishikia nani?"

Akaniangalia. Namna ile ile.