Baunsa Anatazama Viatu, na Wewe Vitazame

Masharti mengi ya mavazi kwenye klabu za usiku yametungwa kwa ajili ya mlango, na sakafu ya kuchezea imesahauliwa. Ndiyo maana mtu anapitishwa na viatu vya soli telezi vya kumvunja kiuno, huku mwenzake mwenye raba safi anarudishwa. Kwangu, sharti la mavazi hupimwa kwa swali moja: linamfaa anayecheza, au linapendezesha foleni tu?

Yapo yenye sababu. Ndala zinakatazwa kwa kuwa gilasi huvunjika na vidole hukanyagwa. Kofia huficha uso usionekane kwenye kamera. Jezi ya timu, usiku wa mechi, inahitaji bia mbili tu kuzua ngumi. Hayo sawa. Kinachonikera ni tangazo la "vaa kistaarabu" bila maelezo zaidi. Halimwambii mgeni avae nini, ila linampa baunsa kisingizio cha kumkataa yeyote asiyempenda sura. Klabu inayojiheshimu huandika waziwazi: raba ruksa au marufuku, kaptura ruksa au marufuku, jinzi iliyochanika je? Kama haikuandika, wapigie simu mchana na uulize kuhusu viatu kwanza, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama.

Historia ya disko ina mifano ya pande zote mbili. Studio 54 ya New York, iliyofunguliwa 1977, ilipata jina kubwa kwa foleni yake: mmiliki mwenza, Steve Rubell, alisimama mlangoni akichagua nani aingie na nani abaki nje. Katika jiji hilohilo, Paradise Garage, iliyofungwa 1987, haikuuza pombe kabisa; watu walimfuata DJ Larry Levan na mitambo yake ya sauti. Kule Uingereza, Wigan Casino, iliyodumu kuanzia 1973 hadi 1981, nayo haikuwa na pombe. Wachezaji wake walivaa suruali pana na viatu vya soli ya ngozi, wakamwaga poda sakafuni ili wazunguke vizuri, na wakaja na begi lenye fulana za kubadilisha. Hakuna aliyewalazimisha, mchezo wenyewe ndio uliowavisha. (Begi lile leo lingeishia mikononi mwa baunsa.)

Sasa viatu. Soli ya mpira hung'ang'ania sakafu. Unapogeuka, mwili unazunguka lakini unyayo unabaki palepale, na msokoto wote unaishia kwenye goti na kifundo. Soli ya ngozi huzunguka vizuri kwenye mbao kavu, lakini kinywaji kikimwagika inageuka hatari. Kipimo ni rahisi: simama kwa mguu mmoja, inua kisigino kidogo, geuka robo mzunguko. Unyayo ukikwama, kiatu hicho ni cha kuruka na kutikisika tu, si cha kuzunguka. Ukiteleza bila kujisukuma, kiache nyumbani.

Kwa wapenzi wa mchuchumio, sentimita 5 hadi 7 ndiyo mwisho wa busara ukicheza kwa muda wa saa nne au tano, tena kisigino kiwe kinene na kiatu kiwe na mkanda wa kifundoni. Zaidi ya hapo uzito wote unahamia mbele ya unyayo, na kufika saa saba usiku utakuwa umekaa huku wenzako wanaserebuka. Kiatu kipya kivae kwanza nyumbani kwa siku kadhaa. Na plasta ibandike kisiginoni kabla ya kutoka. Malengelenge yakishatokea, inabaki kazi ya kupunguza maumivu.

Kwenye nguo, watu husifia pamba kupita kiasi. Pamba hunywa jasho lakini hailiachi haraka, kwa hiyo shati zito la pamba baada ya kucheza kwa muda wa saa mbili linakuwa tambara la maji mgongoni. Chagua pamba nyepesi au kitani, lisibane kwapani. Rangi ya kijivu na bluu iliyopauka hutangaza kila tone. Nyeusi, nyeupe na vitenge vya maua huficha. Kabla ya kutoka, inua mikono yote miwili, chuchumaa, kisha zungusha kiuno. Shati likichomoka au mshono ukilia, badilisha. Manukato puliza mara moja tu, kwa sababu joto la mwili litayazidisha.

Ukishaingia, masikio ndiyo yanayosahaulika zaidi. Pendekezo la NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, linasema desibeli 85 zinavumilika kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Kwenye desibeli 100, ambazo ni kawaida klabuni, unabaki na dakika 15. Kwa hiyo usicheze umeegemea spika. Nunua vizibo vya masikio vyenye kichujio: hushusha sauti yote kwa usawa, tofauti na vile vya sponji vinavyomeza zaidi sauti nyembamba na kukuachia besi. Muziki husikika vizuri zaidi katikati ya spika mbili, hatua kadhaa nyuma, hata kama kila mtu anasukumana kumkaribia DJ.

DJ mzuri utamjua kabla ukumbi haujajaa. Hamalizi nyimbo kali saa nne. Anaweza kuanzia midundo 110 kwa dakika, apande polepole hadi 125 au zaidi, kisha ashuke kidogo watu wapumue na kunywa maji. Anayekaa juu usiku kucha huchosha miguu na kuua sakafu, halafu analaumu wateja.

Kula muda wa saa mbili kabla ya kutoka. Ini huondoa takriban kipimo kimoja cha pombe kwa saa, na usawa wa mwili huanza kupotea mapema kuliko unavyodhani, kwa hiyo kila kinywaji kifuate gilasi ya maji. Simu iweke mfuko wa mbele wenye zipu. Berghain ya Berlin hubandika stika kwenye kamera za simu za wageni, na ningependa klabu nyingi ziige: asiyeogopa kurekodiwa hucheza vizuri zaidi. Ukimwomba mtu mcheze akakataa, sema sawa na uondoke. Na ukiona huwezi kukunjua kiwiko bila kumgusa mtu, toka kwenye kiini cha umati, uende pembeni kwenye hewa. Mara nyingi huko ndiko wachezaji wenyewe walikohamia.