Kabla hujagusa kabureta, shika tupa

"Fundi, mashine imeishiwa nguvu. Niwekee sawa kabureta."

Wiki hii nimeambiwa hivyo tena, na hasira bado haijanitoka. Kijana kaleta msumeno wa mnyororo ambao bado una miaka mingi ya kufanya kazi. Nikauweka mezani, nikavaa glovu, nikauzungusha mnyororo polepole chini ya taa. Kila jino lilikuwa na mstari mweupe unaometa kwenye ncha. Makali ya kweli hayarudishi mwanga. Ukiona mng'aro pale ncha ilipo, ujue pamekwisha kuwa butu, na jino hilo halikati tena, linasugua tu.

Kumbe kabla yangu alishapita kwa fundi mwingine. Huyo hakuuangalia mnyororo hata kidogo. Alichukua bisibisi, akakaza skrubu ya H, ile ya kabureta inayopima petroli ya resi kubwa, mpaka injini ikalia kwa sauti nyembamba na kali, mwenye mashine akaridhika, akalipa, akaenda zake. Nilipofungua ekzosi na kumulika ndani ya tundu la moshi, pistoni ilikuwa na michubuko ya wima, mirefu, upande uleule wa ekzosi. Injini ilikuwa njiani kunoki, na ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye meno ya mnyororo, kazi ya muda mfupi kwa mtu mwenye tupa.

Hili ndilo linaloniuma. Injini ya mipigo miwili haina oili yake ya peke yake pale chini. Oili yote inaingia pamoja na petroli, kwa mashine nyingi za leo 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa kila lita. Ukibana petroli umebana na oili, na joto umelipandisha kwa wakati mmoja. Ile sauti nyembamba inayowafurahisha watu ni sauti ya injini yenye kiu. Mashine iliyowekwa sawa, ukiibonyeza resi yote nje ya mti inagugumia kidogo, kama imelemewa na petroli, na sauti inasafika pale tu mnyororo unapozama kwenye gogo. Anayeondoa mgugumio huo ili mteja asikie "nguvu" anaiua mashine ya mtu huku akipokea hela yake.

Na mnyororo butu unaongezea mauaji. Mkataji anaona haingii, anaegemea. Akiegemea, mizunguko inashuka, klachi inateleza na kuungua, bapa, yaani ule ubao wa chuma unaobeba mnyororo, linapata joto, mnyororo unalegea, anaukaza ukiwa wa moto, na ukipoa unabana. Badala ya vibanzi, mti unatoa unga laini, na unga huo unaziba kichujio cha hewa na mapezi ya kupozea silinda. Jioni analalamika mgongo na mashine haiwaki vizuri. Anatafuta fundi wa kabureta.

Tazama kinachomwagika chini unapokata. Vibanzi vyenye umbo, vinavyoruka, mnyororo unakula mti. Unga kama wa kupepeta, zima mashine. Hakuna kipimo rahisi kuliko hiki na hakihitaji fundi yeyote.

Mnyororo tunaotumia leo ni mtoto wa wazo la Joseph Cox, mkataji miti wa Marekani, ambaye mwaka 1946 aliona kwenye kisiki buu la mbawakawa likitafuna mti kwenda kushoto na kulia. Akatengeneza mnyororo wenye meno ya kushoto na ya kulia kwa kupishana, na mwaka uliofuata akaanza kuuza. Napenda kuwakumbusha watu hili kwa sababu moja: nguvu ya msumeno ilizaliwa kwenye umbo la jino. Injini kazi yake ni kulisukuma jino tu, kwa kasi ya takriban mita 20 kwa sekunde. Jino likishaharibika umbo, hata uongeze farasi wangapi, unasukuma chuma butu.

Sasa tupa. Usinoe kwa tupa yoyote iliyo karibu. Mnyororo mdogo wa inchi 3/8 (kipimo hicho ni nusu ya umbali wa ribiti tatu zinazofuatana) unaofungwa kwenye mashine ndogo unataka tupa ya duara ya milimita 4. Wa inchi .325 unataka 4.8. Ule 3/8 mkubwa ni 5.2 au 5.5, kulingana na aliyeutengeneza. Tupa nyembamba kupita kiasi inachimba kulabu chini ya makali, jino linakuwa kali siku ya kwanza na kuvunjika ncha siku ya pili. Tupa nene inalaza makali, jino linateleza juu ya mti. Pembe kwa minyororo mingi ni nyuzi 30, na mara nyingi kuna mstari umechorwa juu ya jino lenyewe kukuongoza. Sukuma kutoka ndani kwenda nje, uinue, urudi. Usiburute tupa kurudi nyuma, unaiua tupa na hunoi chochote. Anza na jino fupi kuliko yote na uyalete mengine yalingane nalo. Ukiona msumeno unakata kwa kupinda, kwenda upande mmoja kila mara, mara nyingi ni meno ya upande mmoja marefu au makali kuliko ya upande wa pili, au kingo za bapa zimelika upande mmoja.

Halafu kuna kile kipembe kidogo kinachotangulia mbele ya kila jino. Hiki ndicho watu wanakisahau miezi mingi, halafu siku wakikikumbuka wanakifuta kwa hasira. Kazi yake ni kuamua jino lizame kiasi gani. Kwa minyororo mingi kinatakiwa kiwe chini ya makali kwa milimita 0.65 hivi, na kuna kibati chake cha kupimia kinachowekwa juu ya mnyororo, kinachozidi unakipiga tupa bapa. Jino likinolewa mara nyingi linarudi nyuma na kushuka, kipembe kinabaki juu, na mnyororo mkali kabisa unakataa kuingia. Hapo napo mashine hulaumiwa. Lakini ukikishusha kwa kukisia macho, jino linameza kuliko linavyoweza, mashine inaruka mkononi, na ncha ya juu ya bapa ikigusa tawi, msumeno unarudi kwa mkataji kabla hajafumba jicho. Nimeona kovu la shingo lililotokana na hilo. Yule aliyemnolea alitaka asifiwe kwamba mnyororo wake "unakula".

Nakubali, na nakubali shingo upande, kwamba kuna siku kabureta ndiyo yenye kosa. Petroli iliyokaa miezi kwenye tangi inaacha utando, ile ngozi nyembamba ya ndani ya kabureta inakauka na kuwa ngumu, na hapo hakuna tupa itakayosaidia. Mtu aliyehamishia kazi yake kwenye milima mirefu naye ana haki ya kuomba skrubu zirekebishwe. Lakini hata hapo kuna foleni: kichujio cha hewa, kichujio cha petroli ndani ya tangi, plagi na pengo lake la milimita 0.5, wavu mdogo wa ekzosi ambao ukijaa masizi mashine inakosa pumzi kabisa. Vyote hivi vikikaguliwa na mnyororo ukiwa mkali, ndipo bisibisi. Na mashine mpya zinazojirekebisha zenyewe hazina hata skrubu ya kuchezea, ila wenye nazo bado wanaomba nizikaze.

Kuhusu mashine za kunolea zenye jiwe: zinafaa kwa mnyororo uliokutana na msumari au jiwe, basi. Jino likibadilika rangi likawa la buluu, chuma kimeungua na hakitashika makali tena.

Oili chafu ya gari kwenye mnyororo: acheni. Imejaa chembe za chuma zinazokula pampu, na sumu yake inakurukia usoni na mikononi siku nzima. Tangi la petroli likiisha na la oili bado limejaa, bapa linakata likiwa kavu, safisha tundu lake. Bapa ligeuzwe juu chini kila unapobadilisha mnyororo. Breki ya mnyororo ijaribiwe kila asubuhi, na kama mnyororo unazunguka wakati hujagusa resi, kazi isianze. Wenye misumeno ya betri nao wasijione wamepona: mnyororo butu unamaliza betri kabla ya saa yake.

Jibu ninalopewa kila ninaposema haya ni kwamba porini hakuna muda wa kunoa. Unapozima mashine kuongeza petroli, kaa chini, piga kila jino tupa mara mbili au tatu, endelea. Mnyororo unaoguswa hivyo kila tangi hauhitaji kusulubiwa jioni, na unadumu kuliko ule unaosubiriwa mpaka ufe ndipo ukatwe nusu ya jino kuutafuta ukali.

Kwa hiyo naomba kwa wanaoajiri wakataji. Mnawapa vijana mashine, mnawapa petroli, mnawahesabia magogo. Tupa hamuwapi, au mnawapa moja ya watu wote, imechakaa na haina mpini. Kila mashine itoke na tupa zake mbili, ya duara na bapa, kibati cha kupimia, na mtu aliyekaa na kijana huyo akamwonyesha jino kwa jino mpaka akaweza mwenyewe. Asiyeweza kunoa asipewe msumeno.