Mwenye sukari si wa kukalishwa kitini

Hapa Goma, siku familia inapopata habari kwamba mmoja wao ana sukari, kazi ya kwanza ni kumletea kiti. Bidoni ya maji inatolewa mkononi mwake, kapu la sokoni anapewa binti, na akitaka kwenda ibadani kwa miguu, mtu ameshaita motari wa pikipiki. "Mama, mukae, mupumuzike." Nimeambiwa hivyo na watoto wangu, na majirani, hata na wanakwaya wenzangu. Najua wanasema kwa upendo. Lakini upendo huo unatuumiza, na leo nataka niliseme hilo waziwazi.

Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini, ile homoni inayoingiza sukari mwilini kutoka kwenye damu, inaposhindwa kufanya kazi yake sawasawa. Ukishatembea, mwili unaendelea kuipokea insulini vizuri zaidi kwa saa nyingi, pengine hadi kesho yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afikishe angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na sisi wenye kisukari tumo humo humo. Shida ni kwamba tukisikia mazoezi tunawaza vijana wanaokimbia alfajiri wakiimba, tunaona hayo si yetu. Kumbe kupanda kutoka ziwani na maji, kulima bustani nyuma ya nyumba, kutwanga sombe, kutoka Birere hadi Katindo kwa mwendo wa kuharakisha pumzi kidogo, yote ni mazoezi.

Taabu kubwa ya mji wetu ni miguu, na juu ya hilo sisikii watu wakisema vya kutosha. Mwaka 2002 volkano ya Nyiragongo ilimwaga moto hadi katikati ya mji, nasi tukajenga upya juu ya mawe yale yale. Kingo zake ni kali. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu ya nyayo, mtu akawa hasikii maumivu. Huharibu na mishipa ya damu, kidonda kikachelewa kupona. Mpe mtu huyo kandambili zilizochakaa, umpitishe juu ya mawe hayo kila siku, utaelewa kwa nini kuna watu wanaokatwa miguu.

Jirani yangu mmoja anauza maharagi soko la Virunga. Jioni moja aliketi kwangu, akavua kiatu anionyeshe soli ilivyoisha. Kikadondoka kijiwe cheusi, kikubwa kama punje ya mahindi. Soksi ilikuwa na damu iliyokwisha kukauka, naye alikuwa bado ananisimulia bei ya maharagi, sauti haijabadilika hata kidogo. Hakuwa amesikia chochote.

Ndiyo maana mwenye sukari yeyote nikikutana naye namweleza habari ya viatu kabla ya mengine. Kikung'ute kabla ya kukivaa, pitisha mkono ndani, na usiku zikague nyayo kwa taa. Kama huwezi kuinama, mwombe mtoto akuangalilie. Kwenye mitumba chagua kiatu kilichozibwa mbele, chenye soli nene, tena uende kununua jioni, wakati mguu umeshavimba kidogo. Na ile pesa ambayo watoto wanamlipa motari ili mama asitembee, naomba wamnunulie mama hicho kiatu.

Kuna hatari nyingine ambayo haina budi kutajwa, kwa sababu nyumba nyingi hapa zinakula mara moja kwa siku. Anayetumia insulini, au vidonge vya kushusha sukari kama glibenclamide, akivichukua na tumbo tupu kisha akapanda mlima na mzigo, sukari inaweza kushuka vibaya: jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa. Wengine hudhani amelewa. Ikishuka chini ya 70 (mg/dL) kwenye mashine ya kupimia, apewe kama gramu 15 za sukari, yaani vijiko vitatu au vinne vidogo katika maji, asubiri dakika 15, apime tena. Mtu huyo asitoke nyumbani bila sukari mfukoni. Tunaotumia kidonge kingine, metformin, peke yake, hilo hutupata mara chache.

Vijana wa kwetu wanaopenda mpira wanamjua Nacho, aliyekuwa kapteni wa Real Madrid ilipochukua Ligi ya Mabingwa mwaka 2024. Ana kisukari cha aina ya kwanza tangu akiwa na miaka 12, na daktari wa kwanza alimwambia mpira umekwisha. Hadithi hiyo naipenda kuwasimulia wazazi ambao mtoto wao amezuiwa kucheza shuleni. Mtoto wao pia acheze, ila mwalimu ajue hali yake na sukari iwe karibu.

Kwenu wauguzi wetu, ambao mnafanya kazi ngumu mno: mkituambia tufanye mazoezi, mtuvue viatu kwanza mtazame nyayo. Mtuulize tunapita njia gani, tunakula saa ngapi, tunameza kidonge gani. Na yule aliyetusindikiza, aliyeachwa nje kwenye benchi, mwiteni ndani asikie kwa masikio yake, maana maneno hayo yakitoka kwangu watoto hawayasadiki.