Mdogo wangu yuko Dodoma, watoto wako Dar

Leo nimeanza kazi saa tatu asubuhi mezani jikoni, hapa Leicester, Uingereza, mvua ikipiga dirishani. Mimi ni karani wa halmashauri, napitia maombi ya msaada wa kodi ya nyumba. Siku tatu kwa wiki nafanyia nyumbani, mbili ofisini. Bosi wangu haulizi nimekaa wapi. Anauliza maombi mangapi yamekamilika na mangapi yamerudi kwa makosa. Tangu Aprili 2024, sheria ya Uingereza inakuruhusu kuomba utaratibu kama huu tangu siku ya kwanza ya ajira. Mwajiri anaweza kukataa, ila atoe sababu.

Mdogo wangu ni mhasibu wizarani. Hayati Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kwamba Serikali inahamia Dodoma, naye zamu yake ilifika, akahama. Mume ana kazi Dar, watoto wanasoma Tabata. Ijumaa jioni anapanda treni ya SGR, Jumapili anarudi. Kitindamimba wake analala na khanga ya mama. Dada wa kazi ameambiwa asiifue mpaka mwenyewe arudi.

Kila asubuhi anasaini mahudhurio Mtumba, kwenye Mji wa Serikali huko Dodoma, kisha anafungua kompyuta na kushughulikia majalada kwenye e-Ofisi, mfumo wa Serikali wa majalada ya kielektroniki. Jalada linapanda kutoka kwa afisa hadi kwa katibu mkuu bila karatasi kubebwa masijala. Sasa Jumatatu na Ijumaa lishindwe nini kufunguliwa Tabata?

Najua mtasema watu watalala. Jamani, nilikaa miaka minne kwenye ofisi ya umma huko nyumbani. Nimeona koti likitundikwa kwenye kiti tangu saa moja na nusu, mwenye koti yuko kwenye mishemishe zake mjini. Na alishasaini. Tunahesabu miili, kazi hatuihesabu, na anayeumia ni yule anayejituma.

Muuguzi na mwalimu hawawezi kufanyia kazi nyumbani, hilo liko wazi. Na huku nako upweke upo. Desemba giza linaingia saa kumi jioni, na kuna siku sijaongea na mtu ana kwa ana mpaka usiku. Naikumbuka chai ya saa nne, maandazi, na wenzangu wakibishana kuhusu mchango wa harusi. Ndiyo maana zile siku mbili za ofisini sizikosi.

Mdogo wangu naye haombi siku tano. Anaomba hizo mbili tu, awapeleke watoto shule mwenyewe.